Sura ya Saba: Mwizi Aliyevua Viatu

"Andika kwamba nina wivu," alisema Tayfun. "Andika kwa herufi kubwa, nitatia sahihi. Ila usiandike mwizi."

Sajini Rasim aliinua kalamu, akamgeukia mkubwa wake. Inspekta Perihan Sayar alikuwa anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Alipenda kumwacha mtu aongee huku akisikia ule mlio wa kijiko kwenye bilauri. Wengi husema zaidi ili waufunike.

"Wivu wa nini?" akauliza.

"Wa ukuta."

Ukuta wenyewe ulikuwa ndani ya ghala la zamani la tumbaku kule Karaköy, ambako wasanii wa video walikuwa wanafungua maonyesho yao jioni hiyo, saa kumi na mbili. Ukuta mkubwa kuliko zote alipewa Melike Karaca kwa ajili ya filamu yake, *Chumba cha Kaka*. Humo mama yake, Bi Saadet, amekaa kwenye kitanda cha mwanawe anasimulia jinsi askari walivyomchukua Kenan mwaka ule wa mapinduzi ya jeshi ya Septemba, asionekane tena. Bi Saadet mwenyewe alishazikwa, baridi ya mwaka huu haikumpa nafasi. Sauti yake ilibaki kwenye diski ndogo ya kuchomeka kwa waya, na diski ilitoweka jana jioni kutoka chumba cha mashine. Kamera ya mlangoni ilimwonyesha Tayfun akiingia na mkoba begani, akakaa sana, akatoka na mkoba wake. Tena waandaaji walikuwa wameshatamka kwamba ukuta ukibaki mtupu, atapewa yeye.

Mwendesha mashtaka alitaka jibu kabla ya alasiri.

"Ulifuata nini mle ndani?" Perihan aliuliza.

"Nilikwenda kuitazama. Peke yangu, kabla ya watu." Tayfun alikuwa mwanamume mrefu mwenye mvi za mapema, na usiku mmoja wa mahabusu ulikuwa umemkunja kama shati. "Nilisimama pale nikiomba iwe mbaya, Afande. Nakwambia kweli. Niliomba kama mtu aombavyo mvua."

"Ikawaje?"

"Ikawa nzuri. Nikatoka, nikanunua mkate wa ufuta kwa muuzaji wa kando ya daraja, ukanishinda kuula. Nikawapa ndege."

Rasim alicheka kwa pua. "Na wewe kazi yako ni ipi, bwana?"

"Napiga picha wanaume wanaokunja meza za kura uchaguzi ukishaisha."

"Basi?"

"Basi."

"Na watu hutoka majumbani mwao kuja kutazama meza zinakunjwa?"

"Hawatoki," alisema Tayfun. "Wangetoka ningekuwa na wivu wa nini?"

Perihan aliweka kijiko kwenye kisahani. "Nani mwingine aliingia chumba kile?"

"Mafundi. Melike mwenyewe. Na dada yake, Nebahat, alileta sufuria ya dolma. Tulikula wote, mpaka mlinzi alilamba vidole. Yule mama anajua kufunga wali kwenye jani la mzabibu."

"Huyo tumemwona kwenye kamera," Rasim alimwambia Perihan kwa sauti ya chini. "Aliingia na sufuria, baadaye akarudi kuifuata sufuria yake. Ndugu wa mtu, bosi. Ameleta chakula."

Perihan alikuwa anautazama mkoba wa Tayfun mezani. Walishaupekua mara mbili. Ulikuwa na kitana, vidonge vya tumbo na maganda matupu ya karanga.

"Diski uliiacha wapi?"

"Kwenye mashine, taa yake ya kijani inawaka. Kama ningeiba, Afande, ningeiba ile ya kwanza kabisa, siku Melike alipotuonyesha vipande vyake chuoni. Miaka yote hiyo ningekuwa nimelala usingizi mzuri."

* * *

Melike Karaca alivuta sigara tatu kutoka kituoni mpaka mtaa wa Kağıthane, akipuliza moshi nje ya dirisha la gari la polisi kama anayeutemea mji. Alikuwa na umri wa kukaribia hamsini, nywele amezikata fupi, viatu vikubwa vya ngozi.

"Ni Tayfun," alisema. "Sijui mnatafuta nini kwa Mama. Mkamueni Tayfun."

"Tunatafuta nakala ya pili," Perihan alimjibu. "Ulisema ipo."

"Ipo. Kwenye kasha la Mama la harusi, chini ya mashuka ya kudariziwa. Hakuna anayejua."

"Kwa nini kwenye kasha? Wewe huna kompyuta?"

Melike alimtazama upande. "Nilipopiga picha watu wanaosubiri kwenye vibaraza vya mahakama, wenzenu walikuja nyumbani wakachukua mashine zangu zote. Ziliporudi zilikuwa safi kama zimetoka dukani. Tangu siku ile siweki kitu kwenye kompyuta. Kazi iliyokatwa tayari inakwenda ukumbini, mkanda mzima ambao haujakatwa unakwenda kwa Mama. Ya tatu haipo."

Rasim, aliyekuwa kwenye usukani, alijikohoza akaongeza mwendo.

"Nieleze unavyofanya kazi," alisema Perihan.

"Nasimamisha kamera. Namuuliza mtu swali moja tu. Halafu natoka chumbani."

"Unatoka?"

"Ukimkazia mtu macho atakusimulia kile anachodhani unakitaka. Mwache na mashine, atajisimulia mwenyewe. Mama nilimuuliza, 'Usiku ule ilikuwaje?' nikatoka nje kuvuta sigara. Alisema mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu, si jirani, si dada yangu aliyemwogesha na kumlisha miaka yote. Aliniambia mimi." Alisema neno *mimi* polepole, kama mtu anayegeuza pete kidoleni. "Mwishoni anakaa kimya, anatazama dirisha. Pale pale nimekata. Kila niliyemwonyesha amelia pale."

"Na baada ya ule ukimya?"

"Hamna. Kadi ilijaa, kamera ikazima."

"Uliutazama mpaka ilipojaa?"

"Nilikuwa nimeshapata mwisho wangu," alisema Melike. "Wa nini tena?"

Jengo la Bi Saadet lilikuwa limeandikwa kubomolewa, kama mtaa mzima, kwa hofu ya matetemeko. La jirani lilishaangushwa mwanzoni mwa wiki, na vumbi lake jeupe lilikuwa limepenya kila mahali. Melike alifungua kwa ufunguo wake. Kitasa hakikuwa kimevunjwa. Perihan alinyoosha mkono kuwazuia wote wawili wasivuke kizingiti.

Sakafu nzima ilikuwa nyeupe kama meza ya mpika mikate, na juu yake mtu alikuwa amepita.

"Mama alikuwa na mgeni," alisema Rasim.

Perihan alichuchumaa. Nyayo za viatu vya nje ziliingia hatua moja tu, mpaka kwenye mkeka mdogo wa mlangoni. Hapo zikakoma. Kuanzia hapo zilifuata nyayo nyingine, laini, zisizo na kisigino, zikaelekea chumba cha ndani na kurudi. Karibu na mkeka kulikuwa na kabati ndogo ya viatu. Aliifungua kwa ncha ya kalamu. Rafu ya chini ilikuwa na ndara za plastiki za wageni, zimelaliwa na vumbi. Rafu ya juu ilikuwa na jozi moja ya ndara za sufu za rangi ya zambarau. Hizo hazikuwa na vumbi hata chembe, maana mtu alizifuta kabla ya kuzirudisha.

"Rasim, umekamata wezi wangapi?"

"Wa kuwahesabu? Nimechoka kuwahesabu."

"Wangapi walivua viatu?"

Rasim alijikuna kidevu. "Mmoja alivua ili asisikike. Lakini kuvaa ndara za mwenye nyumba... Hapana, bosi. Huyu mwizi kalelewa vizuri."

"Hakuvua ili asisikike. Nyumba ni tupu, jengo ni tupu, nje mashine zinabomoa mchana kutwa. Alivua kwa sababu ndivyo anavyoingia nyumba hii." Perihan alimgeukia Melike, aliyekuwa amesimama kizingitini, sigara imezimika kidoleni. "Hizi za zambarau ni za nani?"

"Za Mama."

"Mgeni anaweza kuzivaa?"

"Ndara za marehemu? Atazigusaje? Mgeni anachukua za chini. Hata mimi sijathubutu."

Rasim alimtazama Melike, kisha akatazama viatu vyake, kisha akamtazama Perihan. Perihan alielewa. Msanii aliyeibiwa siku moja kabla ya ufunguzi huandikwa na kila gazeti, na wapo waliowahi kujiibia.

"Vua kiatu kimoja, Bi Melike. Jaribu kuweka mguu."

"Mnanishuku mimi?"

"Namshuku kila mwenye mguu."

Melike alivua kwa hasira, akasukuma mguu. Kisigino chake kilibaki nje, kikubwa na chekundu. Perihan alitazama nyayo zilizokuwa vumbini: aliyezivaa alizijaza ndara zile sawasawa, kisigino hakikugusa sakafu popote.

Walifuata nyayo kwa kupita kando ya ukuta, wasizikanyage. Kasha lilikuwa limefungwa. Ndani mlinukia naftalini ya kufukuza nondo na sabuni ya mafuta ya zeituni, na mashuka yalikuwa yamepangwa kona kwa kona. Diski haikuwepo.

Melike aliinua mashuka, akayakung'uta moja moja, akayatupa. Hakuacha mpaka kasha likabaki mbao. Ndipo akakaa chini kwenye vumbi kama mtoto.

"Basi imekwenda," alisema. "Sauti yake imekwenda yote. Kenan sikumwona kwa macho yangu, Afande. Nilizaliwa baba ameshakufa, kaka ameshachukuliwa. Kitu pekee nilichopewa mimi katika nyumba hii ni yale maneno."

Perihan alimwacha apumue. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti, "Dada yako aliiona filamu?"

"Juzi. Nilimwita ukumbini tulipokuwa tunajaribu mashine."

"Alilia?"

Melike alifikiri. "Hapana. Ilipoisha aliniuliza, 'Na baada ya hapo?' Nikamwambia, 'Baada ya hapo imeisha, dada.' Akauliza tena. Nikacheka. Nebahat hajui mambo haya, yeye ni mtu wa tamthilia za jioni, anangoja harusi." Macho yake yalishuka kwenye nyayo ndogo zilizokuwa zikitoka chumbani. "Hapana. Yeye hawezi."

"Siku Mama alipoongea na kamera, yeye alikuwa wapi?"

"Jikoni. Siku zote yuko jikoni."

"Na wewe ulikuwa nje."

Melike aliokota shuka moja, akaanza kulikunja.

"Ana mguu mdogo?" Perihan aliuliza.

* * *

Nebahat alikaa mtaa wa pili. Aliwafungulia akiwa na chombo cha kupulizia maji mkononi, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha maua kichwani, na nyuma yake ubao wa kupigia pasi ulikuwa umetandikwa shati.

"Karibuni, chai iko tayari," alisema, kama aliyekuwa akiwangoja. Alimtazama mdogo wake. "Umejaa vumbi. Umekwenda kwa Mama."

"Dada, niambie si wewe."

"Kaa kwanza."

"Sikai!"

Perihan alikuwa ameshapita mpaka mlango wa jiko. Juu ya meza palikuwa na kinu cha shaba na mchi wake, vile vya kutwangia viungo. Aliinama akachungulia. Ndani ya kinu kulikuwa na ungaunga wa kijani na vipande vya chuma vidogo kama magamba ya samaki. Alikiinua kinu, akakileta sebuleni, akakiweka juu ya ubao wa pasi.

"Hii ni diski ya ukumbini?"

"Ndiyo," alisema Nebahat. "Niliitia ndani ya sufuria. Mlinzi alinifungulia na mlango, akanishukuru kwa dolma."

Melike alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Rasim alisogea katikati yao, mikono mbele, kama mtu anayetenganisha kuku.

"Umemtwanga Mama!" Melike alipiga kelele. "Umemtwanga Mama kwenye kinu!"

"Nimekutwanga wewe," alisema Nebahat. "Mama yupo."

Alikwenda kwenye televisheni, akafunua kitambaa cha lesi kilichoifunika chini. Diski ya pili ilikuwa pale, waya wake umechomekwa. Perihan alimwashiria Rasim asimzuie.

"Afande, mimi sikusoma mambo ya sanaa," alisema Nebahat. "Lakini masikio ninayo. Siku ile huyu alitoka nje na sigara zake, mimi nakatakata vitunguu. Nikasikia Mama anaongea. Akanyamaza. Halafu nikasikia tena anaongea, mpaka vitunguu vikaisha. Nyuma ya ukuta wa jiko sikuyapata maneno, lakini sauti niliisikia. Kwa hiyo juzi ilipokatika pale dirishani, nikauliza, na baada ya hapo? Akanicheka mbele ya mafundi."

"Sikukucheka kwa ubaya."

"Umenicheka kwa uzuri, basi. Miaka yote nimemsuka nywele yule mama. Nimemkata kucha. Kila nikimuuliza habari za Kenan ananiambia, 'Pasha chai.' Wewe unakuja na mashine yako Jumapili moja, unapewa vyote. Nilijiuliza, nimekosa nini? Ana nini huyu ambacho mimi sina?" Alichukua kidhibiti cha televisheni. "Nikaenda kutazama. Mashuka ya kasha lile hukunja mimi, diski niliiona zamani."

Bi Saadet alitokea kwenye skrini, mdogo, amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono magotini. Nebahat alikuwa ameshapasogeza mahali anapopataka. Bibi alikuwa anatazama dirisha. Kimya kilikuwa kirefu, na Melike, hata katika hasira yake, midomo ilimcheza, maana pale ndipo alipokata.

Kisha bibi aligeuka, akaitazama kamera moja kwa moja.

"Bado inawaka hii?" alisema. "Haya. Inawaka."

Alijifuta pua na kona ya kitambaa.

"Nebahat ndiye aliyefungua mlango. Mtoto wa miaka sita. Walibisha, mimi nilikuwa namficha Kenan kwenye paa la jiko, yeye akaenda akafungua. Wakamuuliza, 'Kaka yuko wapi?' Akawaambia yuko jikoni. Mtoto anaulizwa, anajibu. Asubuhi yake hakukumbuka kitu, akauliza Kenan ameenda shule? Nikashukuru Mungu. Ndiyo maana simsimulii. Nikianza, ataniuliza nani alifungua. Mimi sijui kumdanganya yule, ananijua hata nikipumua. Bora anione mama mkavu."

Sebuleni pasi ilikuwa inatoa mvuke peke yake.

"Melike yeye naweza kumwambia," bibi aliendelea. "Hakuwepo. Kwake ni hadithi tu, ni kama kumsimulia abiria mwenzako kwenye basi. Unashuka, anashuka, basi. Huyu mtoto ameniuliza, akaniacha na hili jicho. Mwenzake angekaa."

Alitazama tena dirisha. Picha ikakatika.

Rasim alikuwa wa kwanza kusogea. Alikwenda kuizima pasi.

"Ulijua hivi," Melike alimwambia dada yake kwa sauti kavu. "Umesikia kwamba ni wewe uliyefungua mlango. Na ulitaka watu wasikie neno hilo?"

"Ni langu," alisema Nebahat. Mashavu yake yalikuwa yamelowa lakini sauti haikutetemeka. "Baya, zuri, ndilo alilonibakizia. Alinyamaza maisha yake yote kwa ajili yangu. Wewe umepewa ukuta mzima, na pale kwangu ndipo ulipokata. Hukulisikiliza hata mara moja. Nikasema, kama mimi simo, hakuna atakayekuwemo."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia ungekuja na kamera."

Perihan alivuta kiti akaketi, akamwashiria Rasim atoe karatasi za vielelezo. Kazi ilikuwa lazima iandikwe, na nje jua lilikuwa limeshahama dirisha la mashariki.

"Diski iliyotwangwa ni mali ya Bi Melike. Hilo ni kosa, dada Nebahat, na umekiri. Akitaka kushtaki, nakuchukua sasa hivi," alisema. "Hii ya pili lazima niijazie fomu pia. Yaliyomo ndani, hayo maneno. Mali ya nani?"

"Yangu," alisema Melike.

"Yangu," alisema Nebahat.

Walisema pamoja, na kila mmoja alimgeukia mwenzake kama aliyeporwa.

Rasim aliinua kalamu. "Niandike lipi, bosi?"

"Andika ya marehemu. Warithi wawili, hawajagawana." Perihan aliwatazama kwa zamu. "Mtu haibi alichorithi. Lakini hakati pia bila kumuuliza mwenzake. Saa kumi na mbili kuna ukuta unangoja, na kuna mwanamume mahabusu ambaye kosa lake ni kuwa na wivu. Kama hilo ni kosa, itabidi niwachukue watu wote niliokutana nao leo. Semeni. Inaonyeshwa au haionyeshwi?"

"Inaonyeshwa yote," alisema Nebahat, "au hakuna."

Vumbi jeupe lilikuwa limeganda kwenye nyusi za Melike. Perihan alimwona akiitazama skrini nyeusi, akipima. Kuna sauti ya mama kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine kuna lile neno, abiria, litakalosikiwa na kila mtu aliyewahi kumpigia makofi.

"Nipe diski," alisema hatimaye. "Nitaipeleka."

"Naipeleka mimi," alisema Nebahat, akaichomoa, akaiingiza kifuani chini ya blauzi.

* * *

Saa kumi na mbili na robo ghala lilikuwa limejaa. Nebahat alikuwa amekataa kukaa kwenye viti. Alisimama kando ya mashine ya kuonyeshea, mikono kifuani, kama mtu anayelinda maziwa yasimwagike jikoni. Fundi alimwomba asogee kidogo, Nebahat akamtazama tu, fundi akapita upande mwingine.

Tayfun alitokea kando ya Perihan akiwa bado na shati alilolala nalo mahabusu.

"Afande."

"Nimekuachia. Nenda nyumbani ukaoge."

"Nimeisikia jana mpaka dirishani. Hayo ya baadaye yametoka wapi?"

"Yalikuwemo."

Tayfun alisikiliza. Kwenye ukuta mkubwa Bi Saadet alijifuta pua, na watu waliokuwa wameshatoa leso zao wakijua imeisha walizishusha, wakasogea mbele. "Nirudishe mahabusu," alinong'ona Tayfun. "Imekuwa nzuri zaidi."

*Nebahat ndiye aliyefungua mlango*, alisema bibi, uso wake mpana kama lango la ghala. Mwanamke mmoja mbele alishika mdomo. Nebahat hakuinama. Aliinua kidevu, taa ya mashine ikimpiga shavuni, na watu wawili watatu waliokuwa wanamfahamu walianza kugeuka kumtazama, kwa heshima, kama anavyotazamwa mfiwa. Aliyapokea macho yao yote. Kisha likaja neno la abiria, na la *mwenzake angekaa*, na Nebahat akavuta ncha ya kitambaa chake mbele ya mdomo. Alichelewa. Perihan alishaliona tabasamu.

Na si Perihan peke yake. Ukumbi mzima ulikuwa unautazama ukuta, lakini Melike, aliyesimama upande wa pili wa mashine, alikuwa anamtazama dada yake. Hakuwa analia. Alikuwa anamtazama kwa wivu ule ule ambao Tayfun alikiri kituoni kuwa nao juu yake. Kisha macho yake yalishuka taratibu mpaka kwenye ile taa ndogo ya kijani ya diski.

Perihan aliuacha ukuta. Alipenya katikati ya watu akiomba radhi, akafika kwenye mashine, akaweka kiganja chake juu ya diski, nakala pekee iliyobaki, ili asiiguse mtu. Ilikuwa ya moto.